Mazimbu, Chini ya Uluguru

Ukitaka kuiona milima ya Uluguru, amka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi iko wazi yote, kijani chini, bluu juu, na mikunjo yake unaweza kuihesabu. Ikifika saa nne mawingu yameanza kupanda kutoka upande wa bahari, na adhuhuri vilele vimeshafunikwa. Chini ya milima hii nimesoma muhula wangu wa kwanza wa chuo, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mahali ambapo kila mtu Morogoro anapaita Mazimbu. Wenzangu walio Mlimani kule Dar es Salaam, au Dodoma, watakuwa na yao ya kusema, na wana haki. Mimi nasema kijana anayetaka kuwa mwanafunzi wa sayansi nchini hapa hawezi kupata pa kuanzia panapozidi hapa, na sababu zangu si majengo wala mabweni.

Natokea Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Kwetu mvua inanyesha na mchanga unaimeza palepale. Mto hakuna, na maji ya bomba huvutwa kwa pampu kutoka mabondeni chini ya uwanda. Safari ya kuja chuo iliangukia msimu wa korosho, wakati nyumba nzima iko shambani ikiokota na magunia yanasubiri kupelekwa ghalani kwa ajili ya mnada. Nikaondoka na basi kupitia Lindi, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, tukaingia Dar es Salaam usiku. Kesho yake nikapanda treni ya umeme. Reli hiyo mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na safari ambayo basi huihenyea nusu siku likikwama Kibaha na Chalinze, treni inaimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Baada ya Ngerengere milima inaanza kujitokeza kushoto, na abiria wanaohamia dirishani ndio hao hao waliolala njia nzima.

Nilipofika, kilichonishangaza kabla ya chuo chenyewe kilikuwa maji. Mto Morogoro unashuka kutoka mlimani ukikatiza mjini, na pembeni yake kuna vijito, mifereji, bustani za mchicha na chainizi. Mtu wa Newala akiona maji yanapita bila mwenyewe lazima asimame. Nilisimama.

Sababu ya maji hayo ilifundishwa kidato cha pili na nikaikariri kama wengine: upepo wenye unyevu hupanda mlima, hewa hupoa, mvuke hugeuka matone. Mazimbu somo hilo linaendelea mbele ya macho kila siku kabla ya saa sita. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika Uluguru, unakuta ukuta unaopanda hadi zaidi ya meta 2,600, hauna pengine pa kwenda ila juu. Miteremko ya mashariki, kule Kinole na Matombo, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na upande wa mji, nyuma ya mlima, haupati hata nusu yake. Ndiyo maana kule wanalima mdalasini na pilipili manga, na huku pembeni mwa mji unakuta mashamba ya mkonge. Maji yanayokusanyika milimani humo ndiyo yanayolisha Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Mtu wa Sinza akifungua bomba lake asubuhi, anakunywa mawingu yaliyokamatwa na msitu wa Waluguru.

Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu yake imekaa peke yake muda mrefu mno hivi kwamba viumbe vyake vimekuwa vya kwake. Kuna ndege ambaye wanasayansi humwita Malaconotus alius, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha manjano. Anaishi Uluguru tu, duniani kote. Mhadhiri aliyetuambia habari zake alinyoosha kidole nje ya dirisha la darasa wakati akisema neno “huyu”, na darasa zima likageuka kutazama. Ndege hatukumwona, bila shaka. Yuko juu msituni, na hata wataalamu humsikia zaidi ya kumwona. Lakini niliwaza: katika vyuo vingapi mwalimu wa baiolojia anaweza kunyoosha kidole dirishani kuonyesha mahali pekee duniani anapoishi kiumbe anayemfundisha?

Nimeyaanza ya mlima kwa sababu mlima ndio unaoonekana kwanza. La Mazimbu lenyewe linachukua muda kulijua, na ndilo lililonifanya niandike.

Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliingia mitaani kupinga amri ya serikali ya makaburu kwamba hisabati na masomo ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana. Walipigwa risasi. Maelfu ya vijana wakatoroka nchi, wengi wao wakiwa hawajamaliza hata sekondari, na chama cha ANC kikajikuta na watoto wa kulea na kusomesha. Tanzania ikatoa ardhi, na Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, ndiye aliyewaonyesha Mazimbu. Shule ilianza 1978. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 1979, Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana wa ANC, alinyongwa Pretoria akiwa na miaka 22, na shule ikapewa jina lake. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, aliifungua rasmi mwaka 1985, na kufikia wakati huo palikuwa mji kamili: madarasa, mabweni, chekechea, hospitali, shamba la mifugo na mazao, kiwanda cha samani. Fedha na wataalamu walitoka nchi nyingi, hasa za Skandinavia na Uholanzi. Mikono ilitoka hapahapa, ya wanafunzi wenyewe na ya vibarua Watanzania.

Sasa fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa katika mji huo kusoma hisabati.

Hendrik Verwoerd, waziri aliyesimamia Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953, aliwahi kuuliza kuna faida gani kumfundisha mtoto Mweusi hisabati ikiwa hataweza kuitumia. Nilisoma habari hiyo wiki ile ile tuliyokuwa tunahangaika na vikomo katika kalkulasi, na kwa siku kadhaa sikuweza kuitoa kichwani. Kwa watu waliojenga kampasi hii hisabati haikuwa somo la mtihani. Ilikuwa kitu walichonyimwa kwa sheria, wakakifuata maelfu ya kilomita katika nchi ya watu, wakakijengea nyumba kwa matofali. Tunaokaa katika nyumba hiyo leo tunalalamika kwamba mhadhara wa saa moja asubuhi ni mapema mno. Mimi mwenyewe tangu nijue habari hiyo sijaona uzito wa kuwahi.

Mzee mmoja anayetunza bustani alinisimulia zaidi. Nilimkuta anakata nyasi, nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia marahaba, akauliza, “Mwaka wa kwanza?” Sijui aliona nini usoni. Akaniambia ujanani alikuwa kibarua wa ujenzi hapa, akibeba zege pamoja na Wasauzi. “Walikuwa wanafunzi kama nyinyi, mwanangu. Asubuhi darasani, jioni koleo.” Nikamuuliza kama waliondoka wote. Akasema waliondoka kwa furaha na kwa kilio, kwa sababu wengine walikuwa wameoa hapa, na watoto wengine walibaki na mama zao. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania, na serikali ikaipa Sokoine. Wapo ambao hawakuondoka kabisa. Makaburi yao yako ndani ya kampasi, yamepangwa kwa safu, wengi walikufa wakiwa vijana, na ujumbe kutoka Afrika Kusini bado huja kuweka mashada. Sisi tunapita pembeni yake tukienda diskasheni.

Diskasheni ndiyo chuo chenyewe, nimegundua. Mhadhara ni wa Kiingereza na unakimbia. Watu mia mbili ukumbini, projekta, mhadhiri ana kipaza sauti, na ukiinamisha kichwa kuandika slaidi imeshapita. Jioni tunakaa watano au sita chini ya mti, mmoja anarudia somo kwa Kiswahili, mwingine anampinga, daftari linazunguka. Hapo ndipo mtu anaelewa. Binti mmoja wa Kahama katika kundi letu alitufafanulia nishati ya kuanzisha mmenyuko kwa Kiswahili safi kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika, akitumia vidole vyake na ukingo wa benchi tu. Kuna siku nilimtazama akieleza nikawakumbuka wale wa Soweto na amri ya lugha, na sikusema kitu kwa wenzangu kwa kuwa mtihani wa kati ulikuwa keshokutwa. Lakini naamini hivyo: lugha ambayo mtu anaelewea ni sehemu ya sayansi yake, na chuo kinachowaacha wanafunzi wake wabishane kwa Kiswahili chini ya miti hadi usiku kinawatendea wema, hata kama wema huo haumo kwenye ratiba.

Maabara nayo. Katika shule nyingi za kwetu bureti hutumiwa kwa zamu na wapo waliofika kidato cha sita wakijua majaribio mengi kwa kuchorewa ubaoni. Mazimbu nilisimama na bureti yangu, koti jeupe limenizidi mabega, nikiangusha besi tone kwa tone kwenye asidi yenye matone mawili ya fenolfthaleini. Hakuna kinachotokea, hakuna kinachotokea, unaanza kufikiri umekosea vipimo, kisha tone moja tu, moja, na chupa nzima inakuwa waridi hafifu. Ukitikisa, rangi inabaki. Msaidizi wa maabara alipita, akatazama, akasema “vizuri, andika,” akaendelea. Nilikuwa nimeshaandika swali hilo kwenye mitihani mara nyingi na kupata alama zake zote. Sikuwa nimewahi kuliona. Sasa naelewa kwa nini watu wa zamani waliojenga mahali hapa walihangaika kupata vifaa vya maabara kutoka upande wa pili wa dunia.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko wote wa muhula wangu alikuwa panya.

Katika kampasi kuu ya Sokoine, upande mwingine wa mji, lipo shirika la APOPO, ambalo limeweka makao yake Morogoro tangu mwaka 2000. Mwanzilishi wake ni Mbelgiji, Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni na siku moja akajiuliza kama pua ya panya isingeweza kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini. Alichagua panya buku, huyu huyu wetu ambaye Newala tunamtega akila mihogo. Panya buku haoni vizuri ila ananusa kupita kiasi, anaishi miaka mingi kwa kulinganisha na panya wengine, na uzito wake wa kilo moja na kitu hautoshi kulipua bomu. Mafunzo yake yanaanza na kidude kinacholia “tik”. Sauti ikilia, chakula kinafuata. Kisha sauti haitoki mpaka anuse TNT. Kisha haitoki mpaka anuse TNT iliyofukiwa, na akwangue. Tuliwatazama asubuhi uwanjani kabla jua halijawa kali, kila mmoja amevaa mkanda kifuani, anakwenda na kurudi kwenye mstari wa kamba kati ya wakufunzi wawili, pua chini, masharubu yanatetemeka. Mmoja akasimama ghafla, akakwangua. Tik. Akakimbilia kipande cha ndizi.

Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kulimaliza kwa siku nne, panya hulimaliza kwa nusu saa, kwa sababu yeye hasumbuliwi na misumari wala vizibo vya soda. Wengine wamefundishwa kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu ambacho hadubini imekikosa. Panya mmoja aliyezaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, akaitwa Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvika medali ya dhahabu. Alikufa Januari 2022, amestaafu.

Nilisikiliza maelezo hayo kama mtu wa mpakani. Kutoka ukingo wa uwanda wa Newala unaiona Ruvuma chini na Msumbiji ng’ambo, na wazee wetu wanakumbuka vita vya kule, kwanza dhidi ya Wareno, kisha vya wao kwa wao, na ardhi iliyobaki haikanyagiki. Panya kutoka Morogoro walifanya kazi Msumbiji kwa miaka, na mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yaliyojulikana. Mnyama tunayemchoma na kumla, jirani zetu wana deni la shukrani kwake. Usiku ule nilimpigia mama simu nikamweleza. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza, “Hao panya wanakula nini?” Nikamwambia ndizi, na karanga. Akasema, “Wanastahili.”

Kuna upande mwingine wa elimu ya mlima huu ambao haufurahishi, na nadhani kila mwanafunzi wa sayansi anayepelekwa Uluguru angepaswa kuambiwa. Miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliona udongo unaporomoka milimani na wakaamua dawa ni matuta ya ngazi. Waluguru wakalazimishwa kuyachimba, kwa faini. Kwenye miteremko ile mikali yenye udongo mwembamba, kuchimba tuta kulimaanisha kufukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule usio na kitu. Mahindi yakadumaa. Mwaka 1955 watu wakagoma, vurugu zikazuka, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Wataalamu wale walijua sana habari za mmomonyoko; ila hawakumuuliza mwanamke ambaye shamba lile, kwa desturi ya Waluguru ya kufuata ukoo wa mama, lilikuwa la kwao tangu bibi zake. Leo ukipanda mlimani utakuta matuta tena, mengi yakiwa ya mboga, yamechimbwa na wenyewe kwa ukubwa na mahali wanapotaka. Mwenzetu mmoja anayesoma sayansi ya mazingira alisema hayo ndiyo yanapaswa kuwa somo la kwanza kabla ya kemia. Nakubaliana naye.

Mji wenyewe ni mji wa kutembea. Soko la Chifu Kingalu ni jipya, la ghorofa, lakini uzuri wake unatoka mlimani: alfajiri wanawake wanashuka na matenga ya ndizi, maparachichi, mafenesi, machungwa, tangawizi. Jioni mama lishe wa karibu na chuo wanapakua wali maharage na matembele kwa bei ambayo bumu, fedha zetu za mkopo, linaimudu hata mwisho wa mwezi, na mama mmoja hunikopesha bila kuandika popote. Ukipita baa za zamani bado unaweza kukuta nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zikipigwa, kijana wa Morogoro aliyefariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979, na wazee wanazisikiliza kwa heshima ya mtu anayemsikiliza ndugu yake.

Muhula umefungwa Februari, baada ya mitihani ambayo watu walikesha wakipiga msuli mpaka madesa yakachanika. Matokeo bado. Wapo watakaosapu, yaani kurudia mitihani, na hofu ya kudisko, kuondolewa chuoni, imetembea mabwenini kama kawaida. Mimi ninangojea muhula wa pili, ambao tutapanda mlima wenyewe hadi Bondwa, kilele cha zaidi ya meta 2,000 kinachobeba minara ya redio na televisheni, tukihesabu mimea kwa kila mwinuko.

Kwa atakayetaka kuja: treni kutoka Dar es Salaam, daraja la kawaida, ilianza na nauli ya shilingi 13,000. Stesheni iko Kihonda. Kutoka hapo bajaji zipo tele. Mlimani usipande bila mwongoza njia wa hifadhi, na beba sweta hata kama mjini unatokwa jasho. Panya buku hufanya mazoezi asubuhi na mapema tu, kwa hiyo uliza APOPO siku moja kabla. Soko pia ni la asubuhi, maana mafenesi mazuri hayafiki saa nne. Mchana, mlima ukishajifunika na huna tena cha kupiga picha, panda daladala la Mazimbu, mwamkie mlinzi getini, umwambie unataka kuona makaburi na majengo ya Wasauzi. Ukikutana na kundi la wanafunzi wanaobishana chini ya mti, karibu ukae.